Wamenipaka zidaka rangi ya plastiki, na pesa nimelipa

Nilikuwa nimeapa siandiki. Nimekaa na hii hasira tangu wageni wa Maulidi wafunge mizigo waende zao, nikajiambia itapita, lakini juzi nimeingia ndani kuchukua mkeka nkaona ukuta umevimba pahala pengine tena, nkasema basi, leo naandika, na wenye nyumba za mawe hapa Lamu wasome kabla hawajampigia simu huyo kijana wa kusafisha na kupaka nyumba. Jina lake sitaji wala la kampuni yake, mimi na yeye Mungu anatuona.

Nyumba yangu iko Mkomani, ya zamani, mawe ya matumbawe na chokaa, boriti juu, kuta nene mpaka mtoto anakaa dirishani akakunja miguu. Ukipita msana wa tini na msana wa yuu, zile kumbi mbili za mbele, unaingia chumba cha ndani, na hapo ndani kuna zidaka ukuta mzima, vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, zimechongwa kwa chokaa, majani madogo madogo na mistari myembamba kama ya kushonwa kofia. Mamangu alikuwa akiweka hapo sahani zake za kale, misahafu, na mrashi wa mamake. Kila mwaka kabla ya Ramadhani alikuwa anatafuta mtu wa kupaka chokaa, na yeye mwenyewe anasimama nyuma yake mpaka amalize. Hata kikombe cha chai hanywi.

Sasa Maulidi haya tulilala watu 17. Shangazi na wanawe kutoka Malindi, watu wa Mombasa, jamaa wawili wa Ngazija, na mgeni si mtu wa kuhesabiwa, nilifurahi wallahi. Lakini wakiondoka ndo unaiona nyumba. Magodoro kila pembe, masinia ya kuazima hujui lipi la nani, zulia limeingia mchuzi, ndara zisokuwa na wenyewe. Na ndio kusi hili, baridi, rasharasha kila alfajiri, nguo zinashinda kwenye kamba na jioni unazitoa na unyevu wake, kanzu ikilala kabatini wiki mbili inatoa madoa ya ukungu, viatu vya ngozi vinafanya kijani. Mimi magoti hayanipi, watoto wangu wako mbali. Binti yangu akanambia kuna watu wanakuja kusafisha na kupanga nyumba nzima baada ya sherehe, mazulia, makabati, na kupaka kuta upya, yote bei moja, elfu 28. Nikatuma nusu kwa M-Pesa siku hiyo hiyo.

Na hapa lazima niseme haki, sababu sitaki kudhulumu. Walikuja wasichana wawili, na wale wasichana Mungu awazidishie. Hawakugusa kitu bila kuuliza, "Bi, hiki kinakaa? Hiki tukitenge?" Mito yangu ya sufi hawakuitia maji, wangeiharibu, waliipandisha darini ikapigwa jua lile kidogo linalotoka saa sita, wakaigeuza, wakaipiga kwa fimbo mpaka ikafura. Magodoro wakayafunga kwa kamba na mawe upepo wa kusi usiyatupe kwa jirani. Kasha walilitoa kila kitu, wakalifuta kwa kitambaa kikavu, wakaliacha wazi kutwa, halafu mmoja akaniomba udi akafukiza kabla ya kurudisha kanga, na kanga zenyewe amezipanga doti kwa doti, za kutokea upande wake na za jikoni upande wake. Siku ya pili jioni nlikaa msana nkaangalia nyumba yangu nkasikia machozi. Mngeniuliza saa ile ningewapa nyota tano na ningetafuta ya sita.

Siku ya tatu nlikuwa na hitima Langoni. Nimetoka asubuhi nkarudi alasiri, na nilipofika dakani, pale mlangoni, tu harufu ikanipiga. Nikasema hii si chokaa. Chokaa naijua harufu yake, nimekua nayo. Nikaingia mbio na magoti yangu haya. Nakuta huyo bosi wao mwenyewe yuko juu ya stuli na rola, chini ndoo ya lita 20 ya rangi ya plastiki, krimu, inang'aa kama sinia ya bati, na zidaka zote ameshazipita. Zote. Ile michoro imejaa rangi, majani huyaoni, mistari imezibana, kidaka kimekuwa kama shimo la kuwekea soda dukani.

Nikamwambia mwanangu, nani kakwambia upake hii? Akasema mama si ulitaka kupaka upya. Nikamwambia kupaka upya ni chokaa, huu ukuta hauwekwi plastiki. Hata hakushuka kwenye stuli. Akaniangalia hivi, akacheka kidogo, akasema, "Mama, hayo mambo ya kizamani. Ukuta ni ukuta."

Ukuta ni ukuta! Usiku nalala nalisikia hilo neno. Hakuniamkia alipoingia nyumbani kwangu, hakuniomba radhi alipotoka, na katikati akaniambia ukuta ni ukuta, mimi niliyelala chini ya ukuta huo kabla mamake hajaolewa.

Kwa asojua, hebu nieleze. Mawe haya yametoka baharini, yana chumvi ndani yake, na unyevu unapanda kutoka chini ya ardhi kila siku, kusi ndo zaidi. Chokaa ina vitundu, ule unyevu unapanda, unatokea usoni kwa ukuta, unaondoka na upepo. Ndio maana nyumba hizi zina ubaridi mzuri na zimesimama miaka mia mbili na zaidi. Ukiufunika kwa plastiki umeuziba pumzi, maji yako nyuma ya rangi yanatafuta pa kutokea, chumvi inaganda, inasukuma, rangi inafanya malengelenge, na ikidondoka haidondoki peke yake, inashuka na chokaa yake. Haya si ya kusoma chuo, kila fundi mkongwe wa hapa anayajua, na mtu anayechukua pesa za watu kupaka nyumba Lamu akiwa hayajui basi akapake mahoteli mapya ya simenti huko.

Hazikupita wiki nyingi. Lengelenge la kwanza lilitoka chini karibu na sakafu, kama la mtu aloungua na chai. Nikaliacha. Halafu likatoka chini ya kidaka cha tatu, halafu asubuhi moja nasikia kitu kimeanguka, naenda naona kipande cha mchongo sakafuni, ukubwa wa kiganja changu, majani mawili na nusu ya ua, nyuma yake unga mweupe wa chumvi. Nimekiweka kwenye sahani, kiko mpaka leo.

Nikampigia. Mara ya kwanza hakupokea, ya pili akasema yuko Mpeketoni, ya tatu ndo akaniambia ukuta wangu ni mbovu, nlitakiwa niupige simenti kwanza ndo rangi ishike. Simenti! Yaani dawa yake ya kuziba pumzi ni kuziba zaidi. Nikamwambia kwa upole kabisa, mji huu UNESCO wameuandika urithi wa dunia tangu mwaka 2001 kwa sababu ya nyumba kama hii, na wewe unakula kwa mji huu, akasema, "Basi mama waambie UNESCO wakupakie." Akakata.

Nlikuwa nimeandika hapa nyota mbili kwa ajili ya wasichana, nimezifuta. Sitoi. Elfu 28 nilizolipa, na salio lenyewe nlilipa siku ile ile nkiwa nimeduwaa, sikujua hata naambiwa nini, na hiyo inaniuma vilevile.

Lakini ngoja. Ijumaa ilopita baada ya sala nasikia hodi, nafungua, ni yule msichana mmoja, yule wa udi. Amesikia kwa jirani. Hakutumwa na mtu, ameacha shughuli zake. Amekaa chini mbele ya zidaka na mswaki wa zamani na kipande cha mbao alichokichonga, anatoa rangi pale ilipojilegeza, taratibu, jani moja moja, mpaka magharibi. Nikampa pesa akakataa, akala wali kwetu akaenda. Kwa hivyo nikisema kampuni haifai namsema na yeye, na yeye sitaki kumsema. Mkiweza kuwapata wale wasichana bila bosi wao, waiteni, wafungulieni makabati yote. Rangi wasiguse, wala wao wenyewe hawataki kuigusa.

Nimemleta na Ami, fundi wa chokaa, mzee, siku hizi anatembea na mkongojo. Hakusema kitu kwanza. Aliweka kiganja ukutani akakiacha, akachukua ule unga mweupe kidogo kwa kidole akauonja, akatikisa kichwa. "Mwanangu, usitie kitu sasa. Ukuta umelewa maji. Itoe plastiki yote, kwa mbao, chuma kisiguse, halafu iwate wazi mpaka jua la kaskazi." Nikamuuliza, Ami, na ule mchongo ulokatika? Akasema atajaribu, macho yake si yale, lakini chokaa ataianza kuiloweka sasa ikae.

Kwa hivyo mpaka kaskazi chumba cha ndani hakikaliki. Sahani za mamangu ziko juu ya kitanda nimezifunika kanga, misahafu nimeihamishia msana wa yuu, kila asubuhi nafungua milango yote upepo upite.

Na jana binti yangu amenionesha simu yake. Status ya huyo kijana, ametia picha ya zidaka zangu, alizipiga siku ile rangi bado mbichi, zinang'aa, sahani za mamangu amezirudisha ndani yake kwa ajili ya picha tu, na chini ameandika kazi safi, karibuni wateja. Namwomba aitoe hiyo picha. Pesa akae nazo, picha aitoe.