Ofisi ya wakala wa masomo ya nje mjini Moshi: hodari kwa vyeti, dhaifu kwa uzamivu wa barafu

Mpwa wangu ana shahada ya uzamili ya fizikia, na tangu alipoipata amekuwa akililia jambo moja: kusoma uzamivu (PhD) katika tabianchi ya kale na modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazoiga mwenendo, za ngao za barafu, yale matandiko makubwa ya barafu yanayofunika Greenland na Antaktika. Kwa kuwa hapa Moshi hatukumfahamu mtu aliyewahi kupita njia hiyo, tulikwenda katika ofisi moja ya wakala wa masomo ya nje, ghorofa ya pili, si mbali na stendi kuu. Jina lake silitaji. Ninachoeleza ni huduma tuliyopewa, ambayo mimi, mjomba mwenye pochi na mwalimu mstaafu wa fizikia, niliitazama nikiwa nimekaa pembeni.

Nianze na dawati la nyaraka, kwa sababu ndilo lililostahili fedha yetu. Dada anayelisimamia alipokea vyeti vyote, akavikagua kimoja kimoja, na kabla hajagusa skana akatuonyesha kwamba jina la kati katika cheti cha kuzaliwa limeandikwa tofauti na lile la cheti cha kidato cha nne. Alituelekeza tuanze kwa wakili na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, tusisubiri chuo cha ng'ambo kije kuuliza wakati siku ya mwisho ya maombi imebaki wiki moja. Wasifu aliupunguza kutoka kurasa sita hadi mbili, na alifanya hivyo bila kumvunjia mwombaji heshima.

Matatizo yalianza tulipohamia meza ya ushauri. Kijana aliyetuhudumia alikuwa na adabu, kila baada ya maneno mawili "mzee wangu", lakini alikuwa na njia moja tu kwa kila mteja, awe wa uuguzi, wa biashara au wa barafu: chagua vyuo kumi, tuma barua ile ile kote, lipia maombi, kisha tafuta ufadhili. Huenda njia hiyo inamfaa anayetafuta shahada ya kwanza. Katika fani hii nafasi nyingi hutangazwa mojamoja, kama kazi. Msimamizi anajulikana, swali la utafiti limekwisha kuwekwa, fedha ipo, na mwombaji anatakiwa aonyeshe kwamba analielewa swali hilo. Norwei na Denmaki mtafiti wa uzamivu huajiriwa na kulipwa mshahara, kwa kawaida kwa miaka 3, ambayo Norwei hufika 4 anapopewa na vipindi vya kufundisha. Ujerumani nako wengi hufanya kazi kwa mkataba wa mradi. Uingereza kuna posho za masomo, na tangu 2021 fedha za mabaraza yao ya utafiti zimefunguliwa kwa wageni, ingawa idadi yao haitakiwi kuzidi asilimia 30 ya wanaopokelewa. Kwa hiyo kijana alipotuambia tuandae ada ya mwaka wa kwanza kwa ajili ya chuo cha Bergen, Norwei, nilifunga pochi.

Nilimuuliza kama anazifahamu taasisi zinazofanya kazi hii: Kituo cha Bjerknes hapo hapo Bergen, Taasisi ya Niels Bohr ya Copenhagen yenye historia ndefu ya kuchimba barafu ya Greenland, Taasisi ya Alfred Wegener ya Bremerhaven, au ile ya utafiti wa tabianchi ya Potsdam. Aliandika majina hayo katika daftari lake, jambo lililonipa picha kamili ya nani anamshauri nani. Hata Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, mwendo wa basi dogo kutoka hapa, ambako hisabati ya kompyuta inafundishwa hadi uzamivu, haikutajwa.

Kilichonikera zaidi ni barua waliyomwandikia. Ilifunguliwa kwa maelezo kwamba mwombaji amekua akiuona Mlima Kilimanjaro kila asubuhi na kwa hiyo anaipenda barafu. Jirani yangu mwenye duka la mbolea naye anauona kila asubuhi. Ubaya wake si ushairi tu, bali kwamba msomaji wa upande wa pili atagundua mara moja kuwa mwandishi hatofautishi barafu ya mlimani na ngao ya barafu. Barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iliyokuwa na kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912, ilikuwa imebaki na takriban 2.6 mwaka 2000. Ngao ya Greenland ina kilomita za mraba milioni 1.7, na katikati unene wake unapita kilomita 3. Barafu nene kiasi hicho hutiririka polepole kwa uzito wake yenyewe, kwa kanuni inayoitwa ya Glen: mkazo ukiongezeka maradufu, kasi ya kubadilika umbo huongezeka mara nane hivi. Hiyo ndiyo hesabu ambayo modeli inaifanya kwa kila kipande cha ramani, kwa maelfu ya miaka.

Na mlima wenyewe ulikuwa na la kusema, kama wangeuuliza. Mwaka 2000 timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio ilichimba na kutoa nguzo sita ndefu na nyembamba za barafu huko Kibo, na matokeo yaliyochapishwa 2002 yalikadiria kwamba barafu ya chini kabisa ilikuwa na umri wa miaka 11,700 hivi, na ndani yake mna vumbi la ukame mkubwa wa takriban miaka 4,000 iliyopita. Sentensi mbili juu ya jambo hilo zingemwingiza mwombaji katika tabianchi ya kale kwa mlango wa mbele. Kutoka hapo angeweza kueleza kwa nini wanamodeli wanahangaika na yaliyopita: miaka 21,000 iliyopita, maji mengi yakiwa yamefungwa katika ngao za barafu, usawa wa bahari ulikuwa chini ya ulivyo leo kwa mita 120 au zaidi, na miaka 125,000 hivi iliyopita ulikuwa juu kwa mita 6 hadi 9, na modeli isiyoweza kuyarudia mabadiliko hayo haina haki ya kuaminiwa inapotabiri bahari ya Pangani au Unguja.

Barua hiyo tuliiacha. Mpwa wangu alipakua PISM, programu ya bure ya modeli za barafu iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks na wa Potsdam, akaendesha mfano wa Greenland, ramani ikiwa imegawanywa katika miraba ya kilomita 20, katika kompyuta yake ya mkononi ya mtumba. Aliniita, "Mjomba, njoo uone, inatiririka!" Barua mpya aliianza na alichokiona hapo, pamoja na kosa alilolifanya katika takwimu za mvua na jinsi alivyoligundua. Hiyo ndiyo anayoituma sasa, moja kwa kila tangazo, si kumi kwa mkupuo.

Gharama ilikuwa shilingi 350,000, nusu yake ikilipwa siku ya kwanza. Kwa nyaraka ninawapa nyota nne kati ya tano. Kwa ushauri wa uzamivu wa sayansi ninawapa moja, nayo ni ya adabu ya yule kijana. Anayekwenda aombe bei ya dawati la nyaraka peke yake, maana ipo ingawa haijabandikwa ukutani, na afike kabla ya saa nne asubuhi, foleni haijawa ndefu. Sisi tuliomba turudishiwe sehemu ya ushauri, na kila tukipiga simu tunaambiwa bosi yuko Arusha.