Uzoefu wangu: RAM ya GB 16 kwenye kompyuta ya gemu, Kisumu

Nianze na pesa, maana ndizo zilizoamua mengi. Nilikuwa na elfu sabini, nilizochanga kwa miezi kumi na moja nikichapa miradi ya wanafunzi wa chuo na kadi za harusi. Hazikufika kadi ya grafiki, kile kifaa cha kuchora picha za gemu. Nikachagua prosesa ya Ryzen 5 5600G, ile iliyo na grafiki ndani yake, nikajiambia kadi itakuja siku Mungu akipenda. Kikabaki kitu kimoja cha kuninyima usingizi: RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi, niweke GB 16 au 32?

Na nilinunua wakati mbaya, Januari 2026. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilikuwa zimepanda dunia nzima, kwa sababu watengenezaji wanaelekeza chipu zao kwenye vituo vya data vya akili unde, na sisi tunaotaka kucheza mpira tu tunagombania makombo. Mama alinisikia nikilalamika kwenye simu kwamba kumbukumbu zimekuwa ghali. Akaniuliza, "Kwani siku hizi zinauzwa? Mimi ninazo nyingi, nitafutie mnunuzi."

Duka lenyewe liko katikati ya mji, sitalitaja jina. Kijana wa kaunta alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Alinionyesha mashine moja akisema ina "memori ya 512," nami nikamwacha aendelee, ingawa hiyo 512 ilikuwa diski ya kuhifadhia vitu na haihusiani na RAM kabisa. Watu wengi huchanganya. Kisha akafika alipotaka kufika: "Omera, 16 ni ya ofisi. Gemu ni 32."

Hapo nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimesoma mahitaji ya gemu ninazocheza. GTA V ile ya zamani inapendekeza GB 8. EA Sports FC 24 inapendekeza 12. Hata Cyberpunk 2077, ambayo mashine yangu ingeiendesha kwa kuhema, inapendekeza 16. Nikakataa 32, nikalipia 16, nikapanda boda kurudi Manyatta nimekumbatia kasha kama mtoto mchanga.

Jioni ile nilijuta.

GTA V ilikuwa inakwamakwama. Nikitembea kwa miguu napata fremu (picha zinazopita kwenye skrini) 40 kwa sekunde, nikiingia gari na kukimbia mjini zinashuka hadi 28, picha inaganda kidogo halafu inaruka. Mdogo wangu, ambaye hakutoa hata shilingi, alisema kwa PS ya pale mtaani ni afadhali. Nikalala nikiamini kijana wa kaunta alikuwa amesema kweli, na kwamba kesho nitakopa nirudi kuongeza.

Kilichoniokoa ni stima kupotea asubuhi. Duka nalo halikuwa na umeme, kwa hivyo nikaahirisha. Iliporudi nikaamua kuangalia kwanza. Nilifungua gemu, nikaiacha ikiendelea, nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikaenda sehemu ya utendaji, upande wa memori. Nilitarajia kukuta imejaa pomoni. Ilikuwa inatumia GB 9 na ushee kati ya 13.9. (Zile mbili zilizopungua kwenye 16 zilikuwa zimechukuliwa na grafiki, maana haina memori yake yenyewe, inakopa kwenye RAM.) Yaani nafasi ilikuwepo, tena ya kutosha. Lakini chini yake kulikuwa na mistari miwili ambayo sikuwa nimewahi kuitazama maishani. Kasi: 2400. Sloti (nafasi za kuchomekea RAM) zilizotumika: 1 kati ya 2.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja Kondele. Alifungua ubavu, akacheka. "Mkubwa, wamekuwekea RAM moja ya 16. Hii mashine ingetaka mbili za nane." Nikamwambia si ni 16 zile zile? Akanipa mfano ambao sijausahau: una ghala la samaki Dunga, limejaa, lakini mlango ni mmoja na boda ni moja. Ukiongeza samaki, foleni ya wateja haipungui. Fungua mlango wa pili.

Hesabu zake ni hizi. RAM ya DDR4, aina inayoingia kwenye mashine yangu, ya kasi ya 3200, ikiwa kipande kimoja, hupitisha takriban GB 25.6 kwa sekunde. Vikiwa vipande viwili, kila kimoja kwenye njia yake, zinakuwa 51.2. Mwenye kadi ya grafiki huumia kidogo tu akiwa na kipande kimoja, kwa kuwa kadi ina memori yake. Sisi wa grafiki ya ndani ya prosesa tunaumia sana, kwa sababu prosesa na grafiki zinasukumana kwenye mlango ule ule. Laiti ningekubali 32 ya kijana yule, naye angenipa kipande kimoja cha 32, ningelipa zaidi na fremu zingebaki 28.

Nilirudi dukani kuomba wanibadilishie. Jibu: ikishafunguliwa hairudishwi, na risiti inasema "RAM 16GB DDR4," si ndicho nilichopewa? Kweli ndicho. Kosa la kutouliza "vipande vingapi?" ni langu, lakini muuzaji anayejua mteja hana kadi ya grafiki angepaswa kusema. Kwa hilo nawapa nyota mbili. Ya tatu nawaongezea kwa kuwa nyaya walizipanga vizuri na feni haipigi kelele.

Fundi wa Kondele alichukua 16 yangu, akanipa mbili za nane zilizotumika kidogo, nikamwongezea kitu kidogo juu. Aliniacha nizitie mwenyewe. Unagusa kwanza chuma cha kasha kumwaga umeme wa mwili, unapanua vishikizo, unalinganisha pengo la RAM na kijino cha sloti, halafu unakandamiza kwa vidole gumba viwili. Mara ya kwanza niliogopa kuvunja madabodi (ule ubao mkuu wa kompyuta) nikaikandamiza kwa adabu. Kompyuta ikawaka bila picha. "Sukuma kama unafunga sufuria ya presha," akasema. Ikalia *ka!* upande huu, *ka!* upande ule, picha ikaja. Kisha tukaingia BIOS, ile mipangilio ya ndani ya kompyuta, kwa kubonyeza Delete inapowaka, tukawasha XMP, kiswichi cha kuiachia RAM ifike kasi yake kamili, na kasi ikatoka 2400 hadi 3200. Watu wengi wamelipia 3200 na hawajawahi kuionja, kwa sababu ya hicho kiswichi kimoja.

GTA V sasa inakaa kwenye 60 na kitu, mipangilio ile ile. FC haina shida. Nikiwa na Discord na Chrome ya vichupo kumi nyuma ya gemu, natumia kama 12. Nafasi inabana, lakini haijafurika.

Je, 32 ni upuuzi? Hapana. Rafiki yangu wa Milimani anacheza Cities: Skylines, gemu ya kujenga miji, yenye nyongeza mamia, na kwake 16 ilikuwa inajaa hadi mashine inaanza kutumia diski badala ya RAM, kila kitu kinakuwa kobe. Alihitaji 32, na alinunua mbili za 16. Mimi pia nina ubaya wangu: madabodi yangu ina sloti mbili tu, zote zimejaa, kwa hivyo siku nikitaka 32 lazima nitoe hizi za nane zote. Na lazima ziwe DDR4. DDR5 haiingii, pengo lake liko mahali pengine.

Wiki iliyopita mdogo wangu amegundua kuna Microsoft Flight Simulator 2024 na anataka kutua uwanja wa ndege wa Kisumu akitokea juu ya ziwa. Nikamsomea mahitaji: inapendekeza GB 32, na kwa raha kamili 64. Nimemwonyesha ngazi ya kupanda juu ya paa, ndege ya jioni huonekana vizuri kutoka pale.