M-Shwari au Equitel: njia mbili za kumzidi mshindani

Baada ya M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu ya kampuni ya Safaricom, kuanza Machi 2007, benki za Kenya zilijikuta zikimwangalia Safaricom akibeba pesa za wateja wao. Mbili zilijibu kwa njia tofauti kabisa.

Commercial Bank of Africa, ambayo leo ni NCBA, iliamua kuingia ndani ya nyumba ya mpinzani. Novemba 2012 ikazindua M-Shwari, akaunti ya akiba na mikopo kwenye simu, pamoja na Safaricom. Mteja anafungua akaunti kwenye menyu ya M-Pesa, bila fomu wala foleni, na mkopo unaingia kwenye simu akiwa bado sokoni. Benki iliyozoea matajiri ikapata mama mboga kwa mamilioni. Lakini mlango ni wa Safaricom.

Benki ya pili, Equity, ilitaka mlango wake. Ikachukua leseni ya huduma za simu, ikakodi mtandao wa kampuni ya simu ya Airtel, ikaja na Equitel, laini yake yenyewe yenye huduma za benki. Kilichonivutia zaidi ni ile laini (SIM) nyembamba kama karatasi: unaibandika juu ya laini yako ya kawaida, unairudisha kwenye simu, sasa una namba mbili. Safaricom ilipinga ikitaja usalama. Mwaka 2014 mdhibiti wa mawasiliano akairuhusu kwa majaribio.

Kwa wepesi, M-Shwari inashinda. Hakuna cha kubandika. Ila Equity ndiyo inayoamua menyu yake iweje na ada ziwe ngapi. Ningekuwa na benki ndogo, ningeenda njia ya M-Shwari. Njia ya Equity inataka mtaji, na matawi ya kuwafikishia watu laini hizo mkononi.