Tathmini ya huduma ya kupokea majitaka ya viwandani, baada ya miaka mitatu ya kuitumia

Kiwanda chetu hutia rangi vitambaa vya pamba, na kwa miaka mitatu sasa majitaka yake yamekuwa yakiingia katika mabomba ya jiji kwa kibali maalumu. Naandika kwa ajili ya wenye viwanda wanaojiandaa kuomba kibali kama hicho, kwa kuwa mimi ndiye niliyejaza fomu, niliyesimama kando ya chemba wakati sampuli zikichotwa, na niliyepinga ankara pale nilipoona imekosea. Kwa jumla naipendekeza huduma hii kwa moyo mweupe, isipokuwa katika jambo moja, yaani namna sampuli zinavyochukuliwa, ambalo nitalieleza kwa kirefu.

Maombi yalichukua muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Fomu inataka orodha ya kila kemikali inayotumika, kiasi cha majitaka kwa siku, mtiririko wa juu kabisa kwa saa, na mchoro wa mabomba unaotenganisha majitaka na maji ya mvua. Mchoro wetu ulikuwa wa zamani, nasi tuliuwasilisha tukiamini kwamba uko sahihi. Mkaguzi hakuutegemea. Alitembea chumba kwa chumba akimimina rangi ya majaribio isiyo na madhara katika kila tundu la sakafuni, huku mwenzake akiwa amefunua chemba nje akisubiri kuiona ikipita. Rangi iliyomiminwa katika chumba cha kuchanganyia haikufika kwenye chemba kabisa. Ilitokea kwenye mtaro wa mvua unaoelekea mtoni. Kwa miaka mingi tulikuwa tukisafisha ndoo zetu moja kwa moja katika mto bila kujua. Kwa kazi ya asubuhi ile peke yake ningewashukuru hata kama wasingefanya jingine lolote.

Kibali chenyewe kina masharti ambayo mwombaji anapaswa kuyaelewa kabla ya kuzungumzia bei, maana kuna mambo ambayo hayauzwi. Majitaka yetu hayaruhusiwi kuzidi nyuzi joto 40 za Selsiasi, na kipimo cha pH, kinachoonyesha kiwango cha asidi au alkali, lazima kiwe kati ya 6 na 10. Maji ya moto huyeyusha mafuta, ambayo huenda kuganda mbele zaidi na kuziba bomba, na huwachangamsha bakteria wanaotengeneza haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo, ikishapanda kwenye dari ya bomba, hugeuzwa na bakteria wengine kuwa asidi ya salfa inayoila zege. Kwa binadamu ni hatari zaidi, kwa sababu ikizidi huiua pua isisikie tena harufu yake, na mfanyakazi aliye ndani ya chemba hudhani imekwisha ilhali imeongezeka. Nimemwona mkaguzi akiteremsha kipima gesi kwa kamba kupitia ufa mdogo kabla hajathubutu kukiondoa kifuniko, na tangu siku hiyo sijawahi kuliona sharti la joto kuwa ni usumbufu.

Viyeyushi vinavyoshika moto navyo vimepigwa marufuku, vyovyote iwavyo kiasi chake. Mjini Louisville, Marekani, alfajiri ya tarehe 13 Februari 1981, mvuke wa heksani, kimojawapo cha viyeyushi hivyo, uliotoka katika kiwanda cha kusindika soya ulilipuka ndani ya mabomba ya majitaka na kubomoa zaidi ya maili mbili za barabara. Hakuna aliyefariki, na kwa kweli saa ile ya mapema, kabla barabara hazijajaa watu, ndiyo iliyowaokoa wengi. Hakuna ada inayoweza kufidia jambo kama hilo, na ni sawa kabisa kwamba huduma hii inakataa kulipokea.

Sasa ankara. Ada inakokotolewa kwa kanuni inayofanana na ile itumiwayo Uingereza, iliyopewa jina la mtambo wa kusafisha majitaka wa Mogden ulioko magharibi mwa London. Ina sehemu nne: gharama ya kupokea na kusafirisha majitaka, gharama ya kuyapitisha katika hatua ya kwanza ya mtambo, gharama ya kuyasafisha kwa bakteria, na gharama ya kushughulikia tope. Mbili za mwanzo hufuata ujazo tu. Mbili za mwisho hufuata ukali: hitaji la oksijeni la majitaka yetu, yaani oksijeni inayohitajika ili uchafu wake uoze, hugawanywa kwa wastani wa majitaka ya jiji zima, na yabisi zinazoelea ndani yake hulinganishwa vivyo hivyo. Aliye na hitaji la oksijeni mara mbili ya wastani hulipa mara mbili katika sehemu ya bakteria. Ninaiona kuwa ni haki, kwa kuwa anayelitwisha jiji mzigo mzito ndiye anayelipia upepo wa mashine na umeme wa kuusafisha, badala ya gharama hiyo kugawanywa kimyakimya katika bili za nyumbani.

Tatizo ni kwamba haki yote hiyo inategemea chupa moja. Katika mwaka wa kwanza sampuli ilichotwa mara moja tu kila ziara, kwa kopo lililofungwa kwenye fimbo ndefu. Siku moja mkaguzi alifika wakati uleule tulipokuwa tukimwaga maji ya kuondolea wanga uliopakwa kwenye nyuzi za vitambaa kabla ya kufumwa, ambayo ndiyo makali kuliko yote tunayotoa, ingawa umwagaji huchukua dakika 20 hivi kwa zamu. Chupa ilijaa kitu kizito cha rangi ya uji, na ankara ya robo mwaka mzima ikapigwa kana kwamba hivyo ndivyo tunavyotiririsha usiku na mchana. Nilipoandika kupinga nilijibiwa kwamba sampuli ilichukuliwa kihalali. Sikuwa nimebisha uhalali wake. Nilichobisha ni kwamba dakika 20 haziwezi kusimama badala ya saa 24. Wala kosa hilo halimuumizi mwenye kiwanda tu: mkaguzi angefika saa mbili baadaye angekuta maji ya suuza, na jiji ndilo lingepata hasara.

Ilichukua barua tatu na kikao kimoja ndipo wakakubali kufunga kifaa kinachochota sampuli chenyewe, chenye chupa 24, moja kwa kila saa, zikihifadhiwa kwenye baridi ili bakteria wasibadilishe matokeo njiani. Siku ya kuzikusanya tulizipanga mezani kwa mfuatano. Ya saa nne usiku ilikuwa nyeusi tii, ya saa tano ilikuwa ya kijivu, na za alfajiri zilikuwa karibu angavu. Ndipo sisi wenyewe tulipoona kiwanda chetu kinavyofanya kazi. Tulijenga tangi la kusawazisha ili maji makali na mepesi yachanganyike kabla ya kutoka, na tukabadilisha sehemu ya wanga kwa gundi nyepesi ambayo haihitaji oksijeni nyingi hivyo. Ankara zimeshuka, na tumepata pia punguzo la mvuke, maana maji yanayopaa kwenye mashine za kukaushia hupita kwenye mita lakini hayafiki bombani. Punguzo hilo halitolewi mpaka uliombe na ulithibitishe kwa vipimo, kwa hiyo liombe mapema.

Lipo pengo moja ambalo lingeniuma hata kama lisingenigharimu chochote. Kanuni ya ada haioni rangi wala chumvi. Rangi nyingi za vitambaa hazimeng'enywi vizuri na bakteria, na chumvi tunayoitumia ili rangi ishike kwenye pamba hupita mtamboni ikiwa vilevile mpaka mtoni. Kibali chetu kinataja rangi kwa sentensi moja isiyo na kipimo, na chumvi hakiitaji kabisa. Nimeomba kwa maandishi kwamba zote mbili ziwekewe ukomo unaopimika, ingawa najua sisi ndio tutakaotangulia kuugharimia.

Kwa anayejaza fomu sasa: kabla ya kutia saini, uliza sampuli zitachotwa mara ngapi na kwa kifaa gani, na kila sampuli igawanywe mbele yako, nusu yao na nusu yako, kila chupa ikiwa na lakiri na saa iliyoandikwa juu yake. Sisi nusu yetu huiweka kwenye jokofu la ofisini mpaka ankara ifike.