Vizuizi vya madirisha ibukizi: nilivyovitumia Chrome, Firefox na Safari kwenye steshenari

Nina steshenari. Zamani ilikuwa kuchapa na kutoa kopi, siku hizi kazi kubwa ni kuwajazia watu maombi mtandaoni: ajira, mikopo ya chuo, leseni, malipo ya serikali. Mifumo hii mingi ina tabia moja. Ukimaliza kujaza, fomu au risiti haitokei kwenye ukurasa uleule, inafunguka kwenye dirisha jipya linaloibuka lenyewe, ndilo dirisha ibukizi (pop-up). Hapo ndipo kivinjari kinaingilia kati na kuifungia njia. Kwa hiyo kizuizi hiki mimi nashughulika nacho kutwa, tena mteja akiwa amesimama nyuma yangu anasubiri karatasi yake.

Kukizima kabisa, kama wanavyoshauri baadhi ya mafundi, sikubali. Kompyuta ya dukani ukiiacha wazi, akapita kijana mmoja wa kutafuta mechi za bure, jioni utakuta madirisha ya kamari yamejipanga chini ya kazi za watu.

Nianze na Chrome, maana ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi. Ikizuia dirisha, inaweka alama ndogo yenye msalaba mwekundu mwishoni mwa sehemu ya anwani, kulia. Maandishi yanayoeleza yanakaa kidogo tu, yanapotea. Asiyeijua alama ile anadhani hakuna kilichotokea, anabofya tena, na mfumo unamtolea kumbukumbu namba nyingine ya malipo. Watu wanakuja kwangu na namba mbili tatu za malipo hayohayo, hawajui walipe ipi.

Ukishaizoea, lakini, Chrome ina jambo moja zuri ambalo wengi wanalipita. Bofya ile alama, utaona anwani ya dirisha lililozuiwa imeandikwa kama kiungo. Kibofye hicho, dirisha linafunguka hilo moja tu, bila kuipa tovuti ruhusa ya kudumu. Kwa tovuti nisiyoifahamu, hiyo ndiyo njia yangu. Zile za kila siku nimeziingiza kwenye orodha ya zinazoruhusiwa: Mipangilio, Faragha na usalama, Mipangilio ya tovuti, kisha madirisha ibukizi. Ukitanguliza [*.] kabla ya jina la tovuti, ruhusa inashika hadi matawi yake yote. Inasaidia sana, kwa sababu kuna mifumo unaanzia anwani hii, risiti inatokea nyingine. Edge, kivinjari cha Microsoft, imejengwa juu ya msingi uleule wa Chrome, sina cha kuongeza.

Firefox naipenda zaidi kwa jambo dogo tu: inasema. Inaleta utepe juu ya ukurasa, mpana, na utepe haukimbii. Una kitufe cha kuiruhusu tovuti hiyo au kufungua lile dirisha peke yake. Hata mzee ambaye hajawahi kushika kipanya anauona, ananiuliza, "Mwanangu, hiki nini?" Kazi inakwenda. Maombi yenye malipo siku hizi nayafungulia huko.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba mfumo uleule asubuhi unafungua dirisha vizuri, saa nane mchana haufungui. Kivinjari hakijui lipi tangazo na ipi risiti. Kinachotazama ni kama dirisha limetokana na mtu kubofya, na huko kubofya kuna muda wake: kwenye Chrome na Firefox ni kama sekunde 5. Ukibofya kuwasilisha, ukurasa unakwenda kwanza kuuliza seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo. Jibu likichelewa kupita hapo, dirisha linahesabiwa limejitokeza lenyewe. Mchana mtandao ukiwa umeelemewa, ndiyo yanayotokea. Hapa lawama nawapa waliotengeneza mfumo. Wangeweka kiungo cha kupakua PDF ndani ya ukurasa, tusingefika huku.

Kanuni hiyohiyo ndiyo wanayoichezea wenye tovuti za mechi na sinema za bure. Wanatandika tabaka lisiloonekana juu ya video, wewe unadhani unabofya kuanza kutazama, kumbe umefungua dirisha la kamari kwa mkono wako. Kizuizi kinanyamaza, maana umebofya kweli. Hapo dawa ni kuweka uBlock Origin kwenye Firefox; ni kiongezi, yaani programu ndogo ya kuongeza kwenye kivinjari, kinachozuia matangazo. Firefox ya Android inaikubali, Chrome ya Android haipokei viongezi kabisa. (Ethan Zuckerman, aliyeandika msimbo wa madirisha ya matangazo akiwa kampuni ya mtandao ya Tripod miaka ya 1990, aliomba radhi hadharani mwaka 2014. Angalau yeye aliomba.)

Safari ya iPhone ndiyo inayonikera. Kuna swichi moja, tena iko kwenye mipangilio ya simu, si ndani ya Safari: ama unazuia tovuti zote, ama unaziachia zote. Ile ya Mac inakuruhusu kuchagua tovuti moja moja, sijui ya simu ilinyimwa kwa nini. Mteja akija na iPhone natoa swichi, tunapata risiti, nairudisha kabla hajaondoka.

Na anayeleta simu ya Android akisema ina virusi, matangazo yanamiminika hata kivinjari kikiwa kimefungwa, mara nyingi si madirisha ibukizi hata kidogo. Ni arifa. Kuna tovuti ilimwambia abonyeze kuruhusu ili athibitishe kuwa yeye si roboti, akabonyeza. Kizuizi cha madirisha hakihusiki hapo. Kwenye kivinjari ingia Mipangilio ya tovuti, sehemu ya Arifa, iondolee ruhusa kila tovuti usiyoikumbuka. Ukiwa na haraka, bonyeza arifa yenyewe uishikilie, chaguo la kuizima litatokea. Kuna wanaotozwa pesa ya kufuta simu nzima kwa tatizo hili.