Chemchemi ya kijijini: maji matamu, ila panda juu ukaangalie kwanza

Nimeenda pale mara mbili, mara ya kwanza kiangazi, mara ya pili siku moja baada ya mvua kubwa, na ningeandika hii baada ya ile ya kwanza ningetoa nyota tano bila hata kufikiria, maana yale maji jamani, saa saba mchana jua la utosi unakinga kiganja unakunywa meno yanakufa ganzi. Nikajua ni maajabu ya kilima kile kumbe wala, maji yakikaa chini ya ardhi yanashika joto la wastani la mwaka mzima la sehemu hiyo, ndo maana mchana unayaona ya baridi na ukienda alfajiri kwenye kibaridi unayaona kama ya uvuguvugu, maji ni yaleyale.

Kufika ni dakika kama kumi kwa mguu kutoka barabarani, mteremko mtupu, unashuka unapiga mluzi. Sasa kurudi! Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 na uzito wake lenyewe juu, mi nilibeba mawili kwa ujuaji wangu, nusu ya njia nikamwaga moja huku nimeangalia pembeni kama sio mimi. Bebeni ya lita 10.

Maji yanatoka kwenye bomba la chuma lililochomoza kwenye ukuta wa zege. Niliweka saa, dumu la 20 lilijaa kwa sekunde 40, yaani nusu lita kila sekunde, kwa chemchemi isiyo na pampu wala mota mi naona inajitahidi sana na foleni inasogea. Chini pamewekwa sakafu na mfereji wa kupeleka mbali yanayomwagika, kwa hiyo husimami kwenye matope. Wengi wanadhani ule ukuta ni urembo, hapana, nyuma yake panapojengwa vizuri hujazwa mawe na changarawe pale maji yanapochipukia, juu hufunikwa na udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ili maji ya juu ya ardhi yasipenye. Halafu huwa kuna bomba la pili juu kidogo la kutolea yanayozidi, usilidharau, likiziba maji yanarudi nyuma yanasukuma na chemchemi inaweza kutafuta njia nyingine ikatokea kwingine kabisa, mkabaki na ukuta mkavu.

Mara ya pili ndo nikashtuka. Maji yalikuwa na ukungu, sio tope, ukungu tu kama yaliyooshewa mchele. Mzee mmoja kwenye foleni akaniambia mwanangu ni mvua tu kesho yatatulia, na kweli yangetulia, ila hiyo ndo dalili yenyewe, maji yakichafuka muda mfupi baada ya mvua maana yake ya juu yanaingia bila kuchujwa na udongo, na kama udongo yameupita basi na vinyesi vimeupita. Nikapanda juu ya ukuta kuangalia, ule mtaro wa kukinga maji ya mvua umejaa udongo na majani, uzio umeanguka upande mmoja, kwato za ng'ombe zimetapakaa hatua chache kutoka pale maji yanapochipukia. Choo angalau kiko mbali, wataalamu wengi husema isipungue mita 30, na isiwe upande wa juu.

Na msiniambie mbona yana ladha nzuri. Mwaka 1854 kule London kulikuwa na pampu ya Broad Street, maji yake mama mmoja aliyekuwa amehama mtaa aliyapenda mpaka akawa anapelekewa huko alikohamia, akanywa akafa kwa kipindupindu. Ulimi hauoni vijidudu. Shirika la Afya Duniani linataka E. koli, bakteria wa kwenye kinyesi, isionekane kabisa kwenye mililita 100 za maji ya kunywa, na hiyo ni kazi ya maabara sio ya macho yangu wala ya yule mzee.

Kwa hiyo mi nayachemsha. Yakitokota kwelikweli acha dakika moja, ukiwa sehemu ya juu sana zaidi ya mita 2,000 acha tatu. Yakiwa na ukungu yaache yatulie kwanza, chuja na kitambaa kisafi ndo uchemshe, dawa ya klorini kwenye maji machafu inaishia kupambana na uchafu. Na kama juu kuna mashamba yanayomwagiwa mbolea nyingi ulizia kama yamepimwa naitreti, kemikali inayotokana na mbolea, maana hiyo kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua yenyewe inabaki, na ni mbaya kwa watoto wachanga wanaonyonyeshwa kwa chupa.

Kingine, kile kikombe kilichofungwa kwa mnyororo watu wote wanakinywea, mnisamehe, kitoeni. Bomba safi mnaliharibia na kikombe?

Nyota tatu na nusu, kiangazi nne. Mtaro ukifukuliwa na uzio ukisimama narudi kubadilisha. Mtakaoenda, lile bomba la juu mkilikuta limeziba majani yatoeni, ni sekunde tano, mi niliyatoa nikalowa mpaka kiwiko.