Kifaa cha kuzima injini kwenye foleni: uzoefu wangu kwenye gari ambalo halikuja nacho

Gari langu ni la gia za mkono, lina injini ndogo ya petroli, na lilitoka kiwandani bila mfumo wa injini kujizima na kujiwasha. Nimelifungia kifaa cha nje na nimekitumia kwenye mvua, joto kali, foleni ndefu na safari za usiku. Nimeridhika nacho. Ila kabla hujanunua chako, muulize muuzaji swali moja: hiki kifaa kinajua lini kisizime? Kuzima injini hata rilei moja (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) inaweza. Kifaa kizuri utakijua kwa nyakati kinazokataa kuzima.

Changu kinafanya kazi hivi. Nikisimama, nikatoa gia na kuachia klachi huku mguu uko kwenye breki, injini inazimika baada ya sekunde chache. Nikikanyaga klachi, starta inapiga, na injini huwa imeshawaka kabla gia namba moja haijaingia. Boksi lenyewe ni dogo, limekaa chini ya dashibodi. Linasoma swichi za breki, klachi na nyutro (inayoonyesha kuwa gia imetolewa), mwendo wa gari, mizunguko ya injini, joto la maji na volti za betri. Gari ambalo halina swichi ya nyutro lazima liongezewe. Fundi akikwambia ya klachi inatosha, mkatalie: betri ikishuka, boksi huwasha injini lenyewe bila kukungoja, na kama gia imo, gari litaruka mbele.

Kinakataa kuzima injini ikiwa bado baridi. Kinakataa volti zikiwa chini. Na kinakataa kama gari halijafikisha mwendo fulani tangu kizime mara ya mwisho. Hilo la tatu ndilo nililolipenda kuliko yote, kwa sababu kwenye foleni inayosogea hatua mbili na kusimama, kifaa kisichojizuia kingeila starta bure.

Breki ndizo zilizonipa wasiwasi zaidi. Bustaa, yaani kile kinacholainisha pedeli ya breki, inategemea mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Injini ikizimika, unabaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili, kisha pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Magari yaliyotoka kiwandani na mfumo huu hufuatilia mvuto huo, ukipungua injini inawaka. Boksi langu lina nafasi ya kuunganisha sensa ya namna hiyo, nami niliifunga. Bila sensa hiyo, nisingekizoea kwenye miteremko hata kidogo.

Jambo jingine la usalama ni eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari likigongwa. Vifaa vingine huzima kwa kukata umeme wote wa swichi, sawa na kugeuza ufunguo nyuma. Maana yake umesimama kwenye taa, mtu anakuja kukugonga, na eabegi zako hazina umeme. Changu kinakata upande wa nozeli zinazonyunyizia injini mafuta tu, vingine vyote vinabaki vimewaka. Pia fundi aliweka swichi kwenye boneti: boneti ikifunguliwa, starta haipigi. Fikiria mkono wa fundi uko kwenye mkanda wa feni na injini iwake yenyewe.

Sasa betri. Kifaa ni sehemu ndogo tu ya gharama, kazi kubwa iko hapa. Injini ikiwa imezimika, taa, feni ya hewa, redio na vifuta kioo vyote vinakula betri peke yake, halafu starta inakuja kudai mkupuo wake. Betri ya kawaida ya maji imetengenezwa kuwasha gari kisha kujazwa chaji papo hapo, haijatengenezwa kushushwa na kupandishwa kutwa nzima. Zipo aina mbili za kazi hii: EFB, ambayo ni betri ya maji iliyoimarishwa, na AGM, ambayo maji yake ya asidi yamenyonywa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo. AGM inavumilia zaidi kushushwa, lakini haipendi joto la karibu na injini, na inataka chaji inayolingana nayo. Betri yangu iko mbele pale pale kwenye joto, kwa hiyo nilichukua EFB. Starta nayo ni ile ile ya mwanzo. Viwanda hufunga starta iliyoimarishwa, na injini nyingi za aina hiyo hupewa beringi zenye mpako maalumu wa kustahimili kuwashwa mara nyingi. Mimi sina hivyo, ndiyo maana naheshimu sana lile sharti la mwendo.

Wazo lenyewe si jipya. Toyota walilijaribu kwenye Crown miaka ya 1970, na Citroën wakaliweka kwenye C3 mwaka 2004.

Mafuta je? Injini ndogo ya petroli ikiunguruma bila kutembea hula takriban nusu lita hadi lita moja kwa saa, na AC ikiwashwa inaongezeka. Kwa hiyo mtu anayesimama jumla ya nusu saa kwa siku anaokoa robo hadi nusu lita. Ni kitu, lakini anayekaa barabara kuu muda mwingi hataona tofauti, na betri mpya itameza akiba yake. Kusimama sekunde chache tu hakuna faida ya maana. Mimi nathamini zaidi ukimya, na kutomwagia moshi watoto wanaovuka mbele ya gari langu.

Kero zipo. AC inaacha kupoza kwa sababu kompresa inazungushwa na injini, na kwenye jua kali ndani kunapata joto haraka. Usukani wa haidroliki unakuwa mzito. Taa za mbele hufifia kidogo starta ikipiga. Ukitoka kupandisha mlima mrefu na gari la turbo, zima kifaa kwanza uiache turbo ipoe.

Kwa gari la gia otomatiki, sishauri. Pampu ya mafuta ya gia inazungushwa na injini, injini ikizimika presha inashuka, na magari yenye mfumo wa kiwandani hufungiwa pampu ya umeme au tangi la kuhifadhi presha. Tena kwenye gari lisilokuja na mfumo huo, ukiwa kwenye D, starta haipigi mpaka urudi N au P.

Kuhusu kufunga: mwambie fundi asikate waya wa gari hata mmoja. Atumie soketi za kuchomeka katikati, aweke fyuzi yake peke yake, na kitufe cha kuzimia kifaa kikae mahali mkono wako unafika bila kutazama. Changu kinachomoka chote na gari linarudi kama lilivyotoka kiwandani. Ukiwa bado kwenye dhamana au una bima kubwa, waulize kwanza kwa maandishi.